Penye Neno "Wote"

Mama Fundi alianika shuka la mwisho la wateja, akajifuta povu mikononi, akapitia kituo cha polisi kabla ya ibada ya saa tisa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na safari yake ya saba tangu mwanawe apigwe mawe uchochoroni. Kijana huyo, fundi simu, alikutwa na mfuko wenye simu kumi na moja. Za wateja, jamani! Kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Nani alisoma?

"Shikamoo, mama," alisema koplo wa mapokezi, akafunua jalada kwa kidole kimoja. "Nilishakwambia. Hapa pameandikwa: aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Basi, limefungwa."

"Wananchi gani, mwanangu?"

"Wananchi. Wote."

"Hao wote hawana majina?"

"Sasa nikamate mtaa mzima? Niletee jina moja, moja tu, nalifungua leo leo."

Koplo alijua fika haletewi. Mtaa ule ulikula yamini ya kunyamaza.

Kanisani aliketi kati ya mwenye duka na jirani yake wa ukuta mmoja. Mateso yalisomwa kwa zamu: padre maneno ya Yesu, katekista ya Pilato, na kila palipoandikwa WOTE kwenye kijitabu, waumini.

"Asulubiwe!"

Mwenye duka alilisema kama anayetaja bei ya sabuni. Mama Fundi aligeuka kumtazama. Sauti ile aliijua. Na ya jirani. Na ile nzito ya nyuma, ya kinyozi. Ndizo zilizolia siku ile, zote, na leo zimevaa nguo safi.

"Asulubiwe!"

Mara hii aliisikia iliyo karibu zaidi, ya kukwaruza, imetangulia nyingine. Ilikuwa yake.

Siku ile alikuwa ameinamia beseni. "Mwizi!" ikaja kutoka uchochoroni, naye akaitikia. Nani haitikii? Usipoitikia, siku yako ya kuibiwa utalia peke yako. "Mwizi! Mshikeni!" Mara tatu, huku akisugua kola ya mteja, hata kichwa hakuinua. Ndipo wakaja kumwita. Tangu hapo, kila akigusa maji sauti hiyo humrudia, naye hujidanganya kuwa ni ya watu. Alifunga kijitabu. Msalaba hakungoja kuubusu; alirudi kituoni.

"Nimeleta jina," alimwambia koplo.

Koplo alishtuka, akachukua kalamu. "La nani?"

"Langu."

Kalamu ikasimama. "Mama yangu, pole. Hayo ni majonzi tu. Nenda ukapumzike."

"Nililia 'Mwizi!' na wenzangu, na aliyekuwa akifa ni wa tumbo langu. Ulisema moja. Andika. Kisha niulize niliwasikia nani wengine."

Koplo aliirudisha kalamu mfukoni. Nje waumini walikuwa wakipita na wimbo wao. Mwenye duka alichungulia mlangoni, akamwona mbele ya jalada, akaacha kuimba.

Mama Fundi alilivuta benchi mpaka likagusa meza, akakaa.

"Andika, baba. Nina usiku mzima."