Mshiriki Namba Kumi na Nne

Jumanne moja mwalimu wa kisomo cha jioni aliwataka wanafunzi wake waje na karatasi yoyote yenye maandishi kutoka nyumbani, kila mmoja asome yake mbele ya wenzake. Mwashi alileta kipande cha mfuko wa saruji. Mpishi wa bweni alileta maelezo ya dawa ya minyoo. Mlinzi wa geti alileta barua ya shemeji yake, akaisoma hadi mstari wa tatu, kisha akaikunja na kuirudisha mfukoni, akasema yaliyobaki ni mambo ya ndani ya ukoo. Darasa likacheka.

Fundi alileta fomu. Alikuwa mshonaji wa majoho ya chuo kikuu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyemwita vingine. Fomu ile ilikuwa imekaa miaka mitatu ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi, na mwishoni ilikuwa na alama ya dole gumba lake kwa wino wa buluu. Alisimama, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Mimi, mshiriki namba kumi na nne, nakubali kwamba sala yangu itachukuliwa, itahifadhiwa chuoni, na kutumika katika utafiti."

Akarudi kwenye neno "itachukuliwa". Mwalimu alidhani limemshinda, akamkatia silabi moja moja. Halikuwa limemshinda.

"Kumbe ni wao," Fundi akasema.

"Wao akina nani?"

"Chuo. Mimi miaka yote hii nilikuwa namshuku Mungu."

Miaka mitatu nyuma alikuja nyumbani kwake mhadhiri wa idara ya masomo ya dini, kijana mpole mwenye viatu safi na kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Mtaani walimwita Kinasa. Aliketi kwenye kigoda, akanywa maji, akapiga magoti, akamwamkia mama yake Fundi kitandani kwa heshima zote. Kisha akamwomba Fundi aseme ile sala anayomwombea mama yake kila jioni. Ilikuwa sala ya nyumba yao. Bibi alimpa mama, na mama alipozeeka alimkabidhi binti na yeye mwenyewe akabaki hana, kama anayekabidhi funguo. Fundi aliisema mara moja. Kinasa akabonyeza kitufe, akashukuru, akampaka Fundi wino kwenye dole gumba, akaligandamiza kwenye fomu, akaondoka.

Kesho yake jioni Fundi alikaa pembeni ya kitanda, akashika mkono wa mama yake, akafungua mdomo, na sala haikuwepo. Sala nyingine zilikuwepo zote. Ile tu ndiyo iliyokosekana, na mahali pake palikuwa wazi kama pengo la jino. Mama yake, ambaye tangu utotoni alikuwa akilala kwenye "amina" ya sala ile na siyo kabla, alingoja. Alingoja mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo hakuwa amepata hata lepe la usingizi.

Fundi aliona ni adhabu. Alifunga. Alitubu dhambi alizozikumbuka, zilipokwisha akatubu na za kukisia. Mwisho akajiandikisha kisomo cha jioni ili aweze kuitafuta sala mwenyewe ndani ya Maandiko, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa amefika katikati.

Darasani hakuna aliyeshangaa. Mwashi alisema watu wa uhandisi walikuja kupima jicho lake, kwa sababu alikuwa anajenga ukuta ulionyooka bila timazi. Walipima siku nne. Siku ya tano akajenga ukuta uliolala kama mlevi, na mpaka leo hatoki nyumbani bila timazi. Mpishi wa bweni alisema cheko lake liko idara ya saikolojia.

"Si ndiyo maana hunichekei," mwashi akamwambia.

"Wewe hata ningekuwa nalo nisingekuchekea."

Mlinzi alisema kwake walichukua kikohozi, watu wa tiba, na hapo kwa kweli aliwashukuru. Lakini mradi ulipofungwa walikirudisha, kikiwa kimenenepa.

"Soma mbele," mwalimu akasema.

Fundi akasoma mbele. Mstari wa tisa ulisema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Akaukariri njia nzima ya kurudi nyumbani. Kabla ya kuingia ndani alisimama mlangoni, akamwomba Mungu radhi kwa kumshuku.

Mama yake alikuwa macho, kama kawaida. Alikuwa amekonda mpaka shuka halikuonyesha kama kuna mtu chini yake.

"Ndiyo umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mama. Nimeshajua iko wapi."

"Basi fanya haraka. Macho yananiwasha."

Asubuhi Fundi alikwenda ofisi ya Kamati ya Maadili ya Utafiti, ghorofa ya pili, mlango uliokuwa na kiti kimoja nje. Karani alimkaribisha vizuri. Aliposikia "nimekuja kujitoa" alifurahi sana, kwa maana katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kujitoa, na muhuri wa kazi hiyo ulikuwa haujaguswa na wino. Aliujaribu kwanza kwenye kiganja chake. Kisha akaugonga juu ya fomu: AMEJITOA.

"Tayari, mama. Umejitoa."

"Na sala?"

"Sala ipi?"

"Yangu. Nipe niondoke nayo."

Karani akaisogeza fomu, akamwonyesha mstari. "Hapa panasema mshiriki anaweza kujitoa. Sala siyo mshiriki, mama. Sala haikuweka dole gumba."

"Wakati ule mimi sikujua kusoma."

"Hilo nalo limo. Hapa: 'Mshiriki hajui kusoma. Ameelezwa na ameelewa.'"

"Nani aliandika kwamba nimeelewa?"

"Mtafiti."

"Alijuaje?"

"Si ni mtafiti, mama."

Fundi alikuwa na maneno, na yote yalikuwa ya kutubia baadaye, kwa hiyo aliyameza. Yalishuka kifuani yakakaa hapo, ya moto, na joto lake lilipenya kwenye blauzi mpaka karani akasogeza feni.

Maktaba ya chuo ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mkutubi, mwanamke wa rika lake aliyevaa masweta mawili, alimjua, kwa sababu Fundi ndiye aliyembania sketi ya sare. Akamteremsha hadi chumba cha baridi. Kupitia kioo cha mlango Fundi aliona rafu za visanduku vya kijivu, kila kimoja na namba. Kimoja kilikuwa kinacheka chenyewe, taratibu, na Fundi akamtambua mpishi wa bweni. Chenye namba kumi na nne kilikuwa kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Ile pale ni yangu," akasema.

"Najua, dada. Ina sauti yako. Lakini kuifungua inataka barua ya mwenye mkusanyo."

"Mwenye mkusanyo nani?"

"Kinasa."

"Na mimi ni nani?"

Mkutubi alitazama fomu ya maombi. Kulikuwa na kisanduku cha mwanafunzi, cha mhadhiri na cha mgeni kutoka chuo kingine. Akaigeuza, akatazama na nyuma. "Wewe hujawekwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine.

Akampandisha juu, akatoa kitabu cha Kinasa kwenye rafu, kitabu kinene chenye picha ya mikono ya bibi fulani kwenye jalada, akampigia nakala ukurasa mmoja. Sala ilikuwa pale juu, mistari sita, imechapwa vizuri. Sehemu yote iliyobaki ya ukurasa ilikuwa tanbihi. Chini kabisa, mahali pa kutaja ilikotoka, palikuwa na maneno ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi: "Namba ya mshiriki imeondolewa kwa ombi lake mwenyewe."

"Wamekufuta saa hii hii," mkutubi akasema. "Asubuhi ulikuwepo."

Fundi alirudi na karatasi chumba cha kushonea, akaiweka chini ya taa ya cherehani. Aligundua kwamba akiitazama anaweza kuisoma, lakini akiinua macho tu maneno yote yanaondoka. Alikuwa ameijaribu mara tatu bila sauti wakati Kinasa alipoingia. Alikuja kupimwa joho jipya. Kitabu kile kilikuwa kimempa uprofesa, na Ijumaa alikuwa na mhadhara mkubwa.

"Shikamoo, Fundi wetu. Bado unanikumbuka?"

"Panda juu ya stuli. Nyoosha mkono."

Akamvalisha joho, akaanza kubana mikono ya joho kwa pini. Karatasi ilikuwa bado chini ya taa, mbele ya Fundi. Akaisoma kwa sauti, pamoja na namba za tanbihi, kwa sababu mwalimu alikuwa amewafundisha wasiruke kitu.

"Mwenye nyumba zote, moja, ingia na hii, mbili. Funga mlango nyuma yako, tatu. Ya mchana usiyahesabu. Mikono iliyofanya kazi iwe mizito, nne, macho yaliyoona yafumbe, tano. Na atakayeamka, aamkie mbele yako, sita. Amina."

Kinasa alikuwa amelala. Alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono imenyooshwa, kidevu kifuani, anakoroma kama aliyelima siku nzima. Fundi alimzunguka akimaliza kubana pindo. Alipomchoma kidogo na pini, bila makusudi yanayoweza kuthibitishwa, akaamka.

"Samahani," akasema akipangusa mdomo. "Siku hizi nalala vizuri mno. Mke wangu anasema ni baraka."

"Ni za mama yangu."

"Nini?"

"Hizo baraka. Ile sala inaiombea nyumba ya mwenye nayo. Sasa ni wewe uliyenayo. Mama yangu ana miaka mitatu hajafumba jicho, wewe unakoroma juu ya stuli yangu."

Kinasa aliteremka. Hakubisha wala hakukasirika. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. Aliingiza mkono chini ya joho, akatoa daftari.

"Miaka mitatu? Mfululizo?"

"Miaka mitatu."

"Fundi, hili jambo ni kubwa sana. Nina mwenzangu idara ya tiba anayetafiti usingizi. Tunaweza kuja nyumbani, yeye na mimi? Ni maswali machache tu. Fomu yenyewe sasa ni fupi."

"Hapana."

"Unaweza kufikiria."

"Nimefikiria miaka mitatu. Hapana. Ulikunywa maji ya kwangu, ukamwamkia mama yangu, ukamwibia usingizi huku umepiga magoti mbele yake. Hata mwizi wa kuku hasalimii."

Kinasa aliandika sentensi hiyo yote kwenye daftari, akaipigia mstari. Kisha akashukuru, akauliza joho litakuwa tayari lini.

"Alhamisi," Fundi akasema, kwa sababu ilikuwa kazi yake, na joho likawa tayari Alhamisi, limenyooka kila pindo.

Siku ile njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa na wasiwasi juu ya lile neno lake. Alimwambia muuza mkaa "hapana" bila kuulizwa. Akamwambia mbuzi wa jirani. Kila mara lilitoka. Hilo angalau walikuwa hawajalichukua.

Ijumaa jua lilipokuwa linazama alikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa ameomba kwanza kwa maneno yake mwenyewe, ya kawaida, kwamba kama kuna haki yoyote iliyobaki sala ikosee njia leo tu na iingie humu ndani. Akashika mkono wa mama yake. Kwa mkono mwingine akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma mistari yote sita, kwa sauti ileile ya zamani, mpaka amina. Namba aliziacha.

Katika ukumbi mkubwa wa chuo, mbele ya watu mia nne, profesa mpya alilaza kichwa juu ya meza ya kuhutubia katikati ya sentensi, akalala usingizi mwororo wa mtoto. Watu walingoja kwa adabu. Wengine waliandika.

Mama alikuwa anatazama dari. Macho yake yalikuwa mekundu, makubwa, wazi kabisa. Baada ya muda akaubana mkono wa bintiye.

"Ukimaliza kusoma hizo karatasi zako, mwanangu," akasema, "tuanze sala."

Fundi akaikunjua tena nakala juu ya goti, akaanza mstari wa kwanza.