Povu Lisilo na Meli

Rada yetu ya setilaiti ina tabia moja inayoniudhi: kitu kinachosogea hukichora mahali kisipokuwepo. Mawimbi huyarundika ovyo, na meli huitupa mbali na povu lake. Mimi nimeajiriwa kuandika hesabu za kurudisha kila kitu mahali pake.

Jana mchana picha iliyoingia ilionyesha meli ya mume wangu, baharia ambaye sijamwona kwa miezi minane sasa, iko gatini hapa hapa mjini. Hesabu gani tena? Nilimpigia simu mama yake.

"Mama, mwanao kafika!"

"Natoka sasa hivi. Na usianze kumkumbatia bila mimi!"

Nikabeba mkoba. Mlangoni nikageuka kuiangalia tena ile picha, ndipo nikaliona povu: mstari mwembamba, sambamba na pwani, kilomita moja nje ya bandari, peke yake. Meli iliyofunga gatini haiachi povu. Nikaketi, nikapiga hesabu, nikamrudisha mume wangu baharini kwa mkono wangu mwenyewe.

Simu ikaita. "Nimeshafika bandarini. Mbona simwoni?"

"Anapita tu, Mama."