Vitenge vya Kijani

Tangu asubuhi simu ya Mama Edith ilikuwa haikomi kulia, na kila mara alikuwa Direkta Numbi wa ofisi ya biashara, akitaka kuhakikisha kwamba kina mama wa samaki watampokea sokoni kwa ngoma mbele ya televisheni, wamevaa vile vitenge vyao vya sare. Sauti yake ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomchefua Edith.

Wanawake wa Lubumbashi hawajui kufurahi bila kushona. Harusi, kitenge. Ubatizo, kitenge. Basi mwaka jana, nchi moja ilipotangaza kujitoa katika umoja wetu wa biashara, wakashona tena. Jina lake tuliache. Inatosha kujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikitumwagia samaki wa friji kwa bei ya kutupa, huku samaki wetu wakavu kutoka Pweto, ziwani, wakiliwa na wadudu sokoni. Ikishatoka, waliambiwa, samaki wake watatozwa ushuru kama wa mgeni yeyote. Numbi mwenyewe alileta kitambaa cha kijani, na Edith, pamoja na magoti yake mabovu, akacheza mstari wa mbele mpaka kilemba kikamdondoka.

Aibu ya ngoma ile aliijua wiki iliyopita, mpakani Mokambo. Miaka yote, alichobeba mwanamke kichwani kilivuka bila ushuru. Ilikuwa sheria ya umoja. Edith alivuka na samaki kwenda nchi jirani, nayo imo katika umoja, akarudi na unga, na ndivyo nyumba yake ilivyosimama tangu mumewe, mfanyakazi wa reli, afariki. Safari hii aliambiwa ateremshe beseni na kulipa kama mwenye lori. Ushuru ulizidi faida, akageuka nalo.

Aliyemweleza ni Guelord, mtoto wa marehemu dada yake, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo hapohapo.

"Mama mudogo, ile sheria ilishakufa," alisema. "Ile inchi mulicheza ngoma juu inatoka, ni yeye alikuwa anaichunga ile sheria. Kila mara benye malori banataka kuitosha, kuifuta kabisa, yeye anakatala, juu ya bamama ba kwabo balikuwa banaishi na muzigo ya kichwa. Sasa alishatoka. Ku meza ya umoja kunabakia kura ya mainchi ya benye malori."

"Na samaki ya frigo?"

"Inaingia paka vile, sawa zamani. Inapita kwa inchi ingine ya umoja, hailipe kitu."

"Numbi alijua?"

"Si alikuwa anaikala ku ile meza, mama mudogo."

Edith alirudi na samaki wake na hasira. Mtu anajua mlinzi wako anaondoka, halafu anakuletea kitambaa ucheze. Huo si ujinga, ni dharau. Na yeye mwenyewe, mjuzi wa bei za soko zima, hakuuliza hata swali moja. Alitaka kitenge kipya.

Gari la Numbi lilipoingia sokoni, wanawake wote walikuwa wamejipanga, wamevaa kijani, na watu wa televisheni wako tayari. Ngoma zilikuwa zimelazwa ubavu, maana Edith alishawaeleza yaliyompata Mokambo. Edith akavua kilemba, akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wafiwa. Wenzake wakaketi mmoja mmoja. Mama Léonie, anayeuza karibu naye na kuvuka na beseni kama yeye, akaanzisha kilio cha matanga.

Numbi alisimama, tabasamu bado liko mdomoni. "Mama Edith, juu ya nini munaikala chini? Nani anakufa?"

"Sheria yetu inakufa, Direkta, na weye ulijua. Ulituletea kikwembe ya kijani, tukacheza ku matanga yetu siye benyewe."

"Mambo ya kura iko murefu, mama. Simama kwanza, télé iko."

"Kwako iko murefu. Kwangu iko beseni moja." Hakupaza sauti. "Kama unakuja ku matanga, ikala chini na siye, utuambie ulipigania nini kule. Kama unakuja ku ngoma, ngoma ilishaisha."

Wote wakamngoja. Numbi aliitazama suruali yake ya pasi, akaitazama kamera, kisha akarudi garini na kufunga mlango.

Edith alijua basi kwamba hakupigania kitu. Gari likaondoka. Kamera zikazimwa, hakukuwa tena na mtu wa kuonyeshwa lolote, lakini Mama Léonie hakunyamaza. Edith akamgeukia amwambie inatosha, akaona kwamba mwenzake sasa analia kweli.