Mnada wa Miwa Magamba

Usharikani Magamba, Silvano alijulikana kwa mambo mawili: sauti na boha. Sauti yake ilivuka bonde bila kuchoka. Boha, ile pombe ya miwa, nayo ilivuka koo lake bila kuchoka, hasa baada ya mkewe kufariki, mpaka usiku mmoja wa baridi akatumbukia kwenye mfereji na kulala humo hadi alfajiri, kibuyu kikiwa wima mkononi. Wazee wa kanisa waliomtoa walikiri kwamba hakikumwagika hata tone, na kwamba hawajapata kuona uaminifu mkubwa namna ile ukipotea bure.

Wanawe, Paskalina na Timotheo, wakachukuliwa na Mama Klara, ambaye tayari alikuwa na watoto sita na kitanda kimoja kirefu. Washarika wakamletea mahindi, blanketi na sare za shule.

Silvano naye akaletewa watu. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila jambo kijijini likifanywa kwa pamoja na kwa zamu, na mchungaji hakuona kwa nini ulevi ubaki shughuli ya mtu binafsi. Kila jua lilipozama, saa ambayo miguu ya Silvano ilizoea kuelekea kwa Jenoveva muuza boha, mtu alipiga hodi. Mzee Danieli alisali kwa urefu wa kutosha kuivisha maharage. Bwana Athumani, balozi wa nyumba kumi, alisema yeye ni Mwislamu lakini jirani ni jirani, akaja na bao, akamfunga Silvano bila huruma. Kwaya ya vijana ilihamishia mazoezi yake yote barazani pake, na mtu aliyezingirwa na sauti ya kwanza hapati hata nafasi ya kutamani dhambi. Walimlinda, walimfariji, wakamlia viazi vyote.

Tangu masika hakuonja. Wazee wakaamua watoto warudi, mradi Paskalina mwenyewe aridhie. Hapo ndipo palipokwama. Kila Jumapili binti huyo wa miaka kumi na mmoja alisema, "Shikamoo, baba," kwa adabu kamili, kama anayemwamkia mgeni kutoka wilayani, kisha akaondoka zake. Silvano angeona nafuu kama angetukanwa.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Baada ya ibada, kama kawaida, mazao yaliyotolewa sadaka yalinadiwa uwanjani, safari hii kwa ajili ya watoto wote wanaolelewa na washarika. Mzee Danieli akamtangaza Silvano kuwa mnadi.

Alianza vizuri. Alinadi kabichi, akanadi maharage, akakata boga na kulinadi vipande vipande, akamwinua jogoo.

"Huyu amewahi ibada kuliko nusu yenu," alisema. "Na hakusinzia."

Watu wakacheka. Pembeni ya Mama Klara, Paskalina alitazama vidole vyake vya miguu.

Kisha vijana wawili wakaleta mzigo wa miwa, minene, myekundu, sadaka ya mkulima mmoja wa Mlola aliyekuwa na nia njema na hakufikiri zaidi ya hapo. Wala hakuna mwingine aliyefikiri, mpaka Jenoveva, akiwa katika kitenge chake cha Jumapili, aliponyoosha mkono na kutaja bei iliyogeuza shingo za uwanja mzima.

Hakuna aliyepandisha. Miwa mingi kiasi kile ilikuwa na njia moja tu kijijini, na njia hiyo ilipita jikoni kwa Jenoveva.

Mzee Danieli akafurahi, akamgeukia Silvano. "Haya, mgosi, mpe dada yetu. Hizo ni blanketi za watoto."

Harufu ya miwa ilikuwa imemfikia Silvano. Alijua kila muwa pale utatoa kiasi gani, utachacha kwa muda gani, na povu lake litakuwa la rangi gani. Elimu yote hiyo ilimrudia kwa pamoja, na mate yakamjaa mdomoni mbele ya usharika.

"Mzee," alisema hatimaye, na ile sauti ya kuvuka bonde haikufika hata mlangoni mwa kanisa. "Huu siwezi kuuuza."

"Una nini?"

"Ukienda kwa Jenoveva nitaufuata. Leo hii. Najijua."

Mzee Danieli akaanza kuhesabu blanketi upya kwa vidole. Silvano hakuthubutu kumtazama Paskalina.

Aliyesimama ni Jenoveva. Alijifunga kitenge upya, taratibu, kama mtu anayeaga mali yake.

"Kwani nani kasema lazima uuze mzigo mzima?" aliuliza. "Boga mbona ulikata? Uza pingili pingili, watu watafune hapa hapa. Mimi nipe ya kwanza. Na usinipe yenye mafundo, Silvano. Umekunywa kwangu miaka mingi, nakudai heshima kidogo, na meno yangu bado nayahitaji."

Kicheko kilipasuka. Panga likaletwa. Pingili zikauzwa kwa senti, kwa yai, kwa kikombe cha maharage, na waliokosa chochote waliimba ubeti. Mzee Danieli, mwenye meno manne yasiyoelewana, alinunua ya kwake na kuinyonya kwa uchungu wa kiroho.

Silvano alipoinamia muwa wa mwisho, mkono mdogo ulimnyooshea yai.

"Unamenya vibaya, baba," alisema Paskalina. "Unaacha maganda."

"Mimi nilizoea kuunywa, si kuumenya."

"Naona." Akaupokea ule muwa, akaumenya mwenyewe, akakata pingili na kumpa Timotheo. Kisha akamgeukia baba yake.

"Nyumbani kuna kuni?"

"Zipo."

"Kavu?"

Silvano akafikiria kusema uongo, akaangalia ukungu ulioshuka toka msituni, akaacha.

"Mbichi," alisema.

Paskalina akavuta pumzi kama mama mwenye nyumba aliyerudi safari na kukuta yale aliyoyatarajia. Akamgeukia Mama Klara.

"Mama, naomba kuni kavu za leo," alisema. "Za kesho nitazianika mwenyewe."