Jina la Marehemu Penrick

Bi Hester Penrick alikwenda ofisi ya kamusi jijini London kwa jambo moja tu: kulikomboa jina la marehemu kaka yake.

Kaka yake aliandika riwaya juu ya serikali inayopekua watu mpaka ndotoni. Alipokufa riwaya ikapendwa, na wasioisoma ndio walioipenda zaidi. Sasa, mwaka 1957, vinywani mwa watu sheria ya kuegesha magari ni ya kipenriki, foleni ya posta ni ya kipenriki, hata mama mkwe mkorofi ni wa kipenriki. Hester yalikuwa yamemfika kooni.

“Aliuchukia uonevu maisha yake yote,” alimwambia mhariri, Bwana Mottram. “Leo mmeuvika jina lake! Ndiyo kusema anayepiga kelele za mwizi ndiye aitwe mwizi?”

Mottram, mtu mpole, alimmiminia chai. “Sisi hatumvishi mtu, Bi Penrick. Tunangoja. Maadamu msemaji anaongeza, ‘yule mwandishi, unamjua,’ neno bado mgeni. Siku watu watakapolitamka bila hata kumkumbuka mwenyewe, basi limekuwa mwenyeji, nasi tunaliingiza.”

“Na hili?”

“Magazeti bado yanaeleza. Na mimi kwa masikio yangu sijalisikia likisemwa hivihivi. Toleo hili nitaliacha.”

Hester alishusha pumzi. Alifurahi, hakuficha. Mottram akamsindikiza hadi mlango wa nje, ambako bawabu aliunyooshea mkono mkoba wa Hester.

“Fungua, mama. Amri mpya. Vitabu vinaibwa.”

“Mkoba wangu? Una leso na miwani tu!”

“Basi tuione hiyo leso.”

“Mnipekue kama mwizi, umri huu?” Hester alifoka. “Huu ni upuuzi wa kipenriki mtupu!”

Bawabu hakuuliza maana yake. Aliona haya, akaurudisha mkono.

Ndipo Hester alipokisikia alichosema. Alimgeukia Mottram, naye Mottram alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

“Sikusikia kitu,” alisema hukohuko chini.

“Umesikia.” Hester hakumngoja ainuke. “Na sikumkumbuka, Bwana Mottram. Kaka yangu mwenyewe. Hata kidogo. Liandike.”