Foklifti Iliyokuja Dzaleka Kutengenezwa Magurudumu

Alhamisi saa mbili asubuhi, Solange alikuwa anaanika mihogo mbele ya nyumba yao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, foklifti ya njano ikaingia bila dereva. Ikapita polepole katikati ya kuku wa Mama Zaituni, jirani, ikasimama mlangoni. Ilitoka ghala moja la mbolea, mjini Lilongwe. Meno yake mawili ya kuinulia mizigo iliyashusha chini kwa adabu.

"Solange, uko na mugeni," Mama Zaituni akaita. "Huyu naye atakula nini?"

"Grisi, mama."

Walijuana. Solange alifanya kazi katika ghala lile miaka miwili, mpaka wakimbizi wa mjini walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa kambini. Tangu hapo mafundi waliobaki walikaza nati za magurudumu kwa nguvu zao zote, wakidhani kukaza njo kutengeneza, na beringi, zile gololi za ndani ya gurudumu, zikaungua. Foklifti ilikuwa imebeba beringi mpya kwenye kiti, bado ziko ndani ya karatasi.

Solange akainua upande mmoja kwa jeki, akasukumia gogo chini. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Akalizungusha, akasikiliza. Lilisaga kama mtu anayetafuna mchanga. Akalifungua, akasafisha kwa mafuta ya taa, akajaza grisi kwenye beringi mpya kwa kiganja. Halafu akafuata alivyofundishwa na baba yake bandarini Uvira: kaza nati huku gurudumu linazunguka, legeza, kaza tena kwa vidole tu, weka pini.

"We unalegeza tena ya nini?" Mama Zaituni akauliza.

"Ukiibana sana inaungua, mama. Ukiiacha inacheza. Iko na mahali pake."

Gurudumu likazunguka bila sauti. Akafanya na yale mengine. Foklifti ikashukuru: ikaleta ndoo za bamama wote kutoka bombani, ikapandisha kwaya nzima juu ya meno yake, wakaimba wakiwa juu kuliko mabati ya nyumba, na batoto wakakimbia nyuma wakipiga makofi.

Mchana Solange akavaa viatu, akapanda kwenye kiti. Aliitaka kazi yake ya Lilongwe kuliko kitu chochote.

Kwenye kizuizi cha Lumbadzi, njiani kwenda Lilongwe, polisi akasoma makaratasi ya foklifti, akaona yako sawa.

"Hii ipite. Na wewe, achemwali, dada yangu, kibali cha kutoka kambini?"

"Niliomba. Mwaka wa pili sasa."

"Basi shuka. Nani alitengeneza haya magurudumu? Hayasikiki hata kidogo."

"Ni mimi."

"Zikomo, asante. Kazi safi sana," polisi akasema, akamshika mkono ashuke vizuri.

Foklifti ikaenda zake mjini. Upande wa pili wa kizuizi, foklifti mbili nyingine, moja nyekundu na moja ya kijani, zilikuwa zinangoja zikielekea Dzaleka. Makaratasi yao yalikuwa sawa. Polisi akazifungulia.

Solange akacheka mpaka akashika mbavu. Akaita baiskeli ya kabaza, ya kubeba abiria, akakaa nyuma, akatangulia kuzionyesha njia. Huku nyuma zilikuwa zinapiga kelele, na kabla ya kufika kambini alishajua ataanza na gurudumu gani.