Ngao Nyekundu ya Lango la Mto

Mjinga ni mimi, asitafutwe mwingine. Mfaransa alipotutawala alizipiga marufuku ngao za miji, zile alama tunazochora malangoni. Alipoondoka, wakubwa wa serikali yetu kule Hague wakataka kila mji upeleke ya kwake iandikishwe upya. Karani wa mji ni mimi. Nikachukua muhuri wetu wa kale, nikaugandamiza kwenye nta, nikatuma: lango lenye minara miwili, samaki chini yake. Rangi sikuandika. Ya nini? Hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua ngao ni nyekundu, damu ya waliomzuia Mhispania langoni.

Aliyeingoja ngao hiyo kuliko wote ni mzee Lubbert Haverkamp, mchoraji. Ile ya langoni aliipaka baba yake, na Wafaransa wakamlazimisha yeye kuikwangua. Kisha wakawachukua wanawe wawili kwenda kupigana Urusi. Hawakurudi, hata kaburi hana. Kila wiki alinijia ofisini kuulizia barua. Alisema nyekundu ile ikirudi langoni, atapata pa kuwalilia wanawe.

Barua ikaja Julai. Ngao imekubaliwa, ila mji usiotaja rangi hupewa za ufalme: buluu na dhahabu. Niliisoma mara nne. Nikaandika kuomba wabadilishe. Wakajibu kwamba imeshapitishwa, basi.

Nikaenda kwake. Nilimkuta ameshasaga rangi nyekundu, bakuli limejaa. Geesje, mkewe, akanimiminia kahawa. Nikawaambia. Mzee akalisukuma bakuli kando.

"Ulisahau, Berend?"

"Sikusahau, mzee wangu. Nilidhani wanajua."

"Wajulie wapi? Tunaojua ni sisi tu, na sisi ndio hao tunakwisha."

Aliipaka yeye mwenyewe hiyo buluu na dhahabu, maana mji mzima hatuna mchoraji mwingine. Siku tatu nilimshikia ngazi, naona aibu hata kuinua macho. Meya akapiga makofi, watu wakasema imependeza. Lubbert akashuka, akaenda kulala, na kitandani hakutoka tena ila kwa kubebwa. Daktari alisema ni mapafu. Mimi najua ni nini.

Tulimzika Novemba. Nasema tulimzika, lakini mimi sikufika kaburini. Nilipokwenda nyumbani kwao na kofia mkononi, Geesje alisimama mlangoni, hakunipisha.

"Rudi kwako, Berend," akasema. "Wanangu aliwaua Mfaransa. Huyu umemuua wewe."

Nikarudi.